Mgeni Aliyegeuka Mwenyeji



Tununuapo kuku hapa Nairobi, iwe City Market jirani na Msikiti wa Jamia au magengeni Kawangware na Kangemi, swali letu huwa moja: "Huyu ni wa kienyeji?" Tukiitikiwa, twalipa bei ya juu bila kunung'unika. Juma hili twauliza zaidi: ni mwenyeji wa wapi?

Ndege wa asili ya Afrika ni kanga. Kuku ni mgeni, mzao wa kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki. Mifupa ya kale ya kuku wa kufugwa iliyofukuliwa Ban Non Wat, nchini Thailand, ina umri upatao miaka 3,300 au zaidi. Wachunguzi wengi waona kuwa nafaka ndiyo iliyomvuta: alifuata mpunga na mtama uliomwagika mashambani, akawazoea watu, nao wakamzoea.

Kwetu alifika kwa njia zaidi ya moja. Mifupa yake imepatikana Unguja Ukuu, bandari ya kale iliyofanya biashara ng'ambo ya Bahari ya Hindi tangu karne ya 7. Mwaka 2011, watafiti wakiwemo wa ILRI, taasisi ya mifugo iliyoko Kabete, magharibi mwa jiji letu, walieleza kuwa vinasaba vya kuku wa vijijini Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan vyaonyesha kuwa mababu zao waliletwa mara kadhaa.

Mgeni huyo amekaa nasi zaidi ya miaka elfu moja. Amejifunza kujitafutia chakula, kuatamia mayai yake na kulea vifaranga vyake penye mwewe na ukame. Hayo ndiyo tuyalipiayo.

Leo chotara wa kisasa, akuaye upesi na atagaye kwa wingi, huuzwa kwa jina hilo hilo la kienyeji. Hatumlaumu, amesomesha watoto wengi. Lakini wengi wao hawaatamii, na jogoo wao akichanganyika na mitetea wetu, sifa ile hupungua kizazi hata kizazi.

Basi wenye mabanda Uthiru na Dagoretti, na jamaa zetu Pwani, twawaomba: fugeni chotara kwa biashara, lakini tengeni jogoo mmoja na mitetea wachache wa asili katika banda lao. Kilichojengwa kwa miaka elfu hakinunuliki sokoni kikishapotea.