Mbaazi Tu

Hapa Nanganga, kwenye njia panda ya kwenda Ruangwa, ukimuuliza mtu amekula nini jana utapata jibu la namna mbili. Aliyekula nyama atasema, "Tulikula nyama," basi. Aliyekula mbaazi atasema, "Mbaazi tu." Ndugu msomaji, ugomvi wangu katika kurasa hizi ni na hilo neno "tu". Nyama haina "tu". Kuku hana "tu". Bali mbaazi, kisamvu, kunde, njugumawe na mlenda, vyote vinavyotoka katika ardhi yetu wenyewe kwa jasho letu wenyewe, lazima vifuatwe na neno hilo, kama mtu anayeomba radhi mlangoni.

Najua limetoka wapi. Wapo wengi waliolifundisha, nami ni mmojawapo.

Mwaka 1975 palikuwa na kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyofuata ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Vikundi vilikaa chini ya miembe kusikiliza redio na kujadiliana. Mimi nilikuwa mwalimu kijana niliyetoka chuo cha ualimu juzi tu, chaki mkononi na majivuno kichwani. Ubaoni niligawa vyakula katika mafungu matatu: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Katika fungu la kujenga mwili nilichora ng'ombe mkubwa, kisha samaki, kisha kuku na yai lake. Chini kabisa, pale ubao ulipokuwa unakwisha, niliandika kwa herufi ndogo: "na jamii ya kunde". Sikuwa nimesema uongo. Lakini mtoto hasomi maneno peke yake, husoma na ukubwa wa picha. Mchoro ule niliurudia mwaka baada ya mwaka, hata nilipokuwa mwalimu mkuu, na sikuwahi hata siku moja kuchora mbaazi.

Malipo yake niliyapata mwaka 2013, nikiwa nimekwisha staafu. Nilipita katika kijiji kimoja huku bondeni na kuingia kwa mwanamke niliyemfundisha zamani. Akapiga goti, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba. Nikasikia harufu ya mbaazi za nazi zikichemka jikoni, nami nilikuwa na njaa hasa. Akasema, "Mwalimu, samahani sana, leo tuna mbaazi tu. Subiri kidogo." Nilijua maana ya hiyo "subiri kidogo", nami nikanyamaza. Kuku akachinjwa. Nikaletewa firigisi kwenye kisahani chake peke yake, nikala. Wakati wa kuaga, mtoto wake wa miaka sita hivi akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha kitu. Katika kikapu kilichovunjika palikuwa na mayai kumi na moja. "Alikuwa ameatamia," akasema mtoto. "Sasa yamepoa."

Nilitembea hadi barabarani bila kuona njia. Vifaranga wale wangekuwa madaftari, sabuni, pengine sare ya mtoto yule. Nilikuwa nimekula mtaji wa nyumba ile kwa sababu mwanafunzi wangu alikuwa amelishika somo langu barabara: mgeni wa heshima hapewi kilicho chini ya ubao.

Hapo ndipo nilipoanza kuacha. Sikuacha kwa mara moja, maana mwili wa mzee una ukaidi wake, na kibaba hujazwa na haba na haba. Mwaka wa kwanza niliacha nyama ya ng'ombe na mbuzi siku za kawaida, nikabakiza sikukuu. Mwaka wa pili nikaziacha na sikukuu pia. Kuku alinisumbua zaidi kuliko ng'ombe, kwa sababu ya wageni na wakwe. Samaki mkavu wa kutoka Lindi nilimwacha mwaka 2017, na harufu yake mpaka leo hunigeuza shingo sokoni. Maziwa katika chai yalifuata, kisha mayai. Siku hizi sili kitu kitokanacho na mnyama, isipokuwa asali, ambayo bado tunabishana nayo.

Sasa nije kwa wanaonipinga, maana ni wengi, na baadhi yao hula kwangu.

Wa kwanza husema haya ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba Uingereza kilianzishwa chama cha watu wasiotumia chochote cha mnyama mnamo Novemba 1944. Lakini Waethiopia wa Kanisa la Orthodoksi, jirani zetu katika Afrika hii ya Mashariki, hufunga nyama, maziwa na mayai kwa zaidi ya siku 180 kila mwaka, na wamefanya hivyo kwa karne nyingi. Wahindu wengi waliokuwa na maduka Lindi na Mtwara hawakugusa nyama, na hatukuwaita mafukara, tuliwakopa. Pale Ndanda, si mbali na hapa, wapo watawa Wabenediktini tangu mwaka 1906. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 39, iliyoandikwa karne ya sita, inawataka watawa wajiepushe na nyama ya wanyama wa miguu minne, isipokuwa wagonjwa walio dhaifu sana. Na tusiende mbali: bibi yangu aliyenilea alikula nyama mara chache kwa mwaka, tena mara nyingine ilikuwa ya panya wa shamba, kitoweo ambacho watu wa kusini hatukukionea haya mpaka tulipochekwa na wageni. Je, bibi yangu alikuwa Mzungu?

Wa pili husema ni umaskini uliovishwa kanzu. Huyu namjibu kwa swali. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini mwao. Bei ikaanguka huku kwetu, magunia yakabaki ndani ya nyumba, watu wakalia. Kila kikao nilichohudhuria kiliuliza, "Sasa nani atakula mbaazi zetu?" Sikumsikia hata mmoja akijibu, "Sisi." Hebu tujiulize: ni watu wa namna gani wanaolima chakula wasichokiheshimu, wakamngojea mtu aliye ng'ambo ya bahari akipe thamani? Huko India, mbaazi hiyo hiyo ni chakula cha mkubwa na mdogo. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Sisi tumekosa adabu kwa mbaazi, tunasingizia soko.

Wa tatu husema mwili hautajengeka. Huyu anastahili jibu la kweli, maana ni somo langu mwenyewe. Gramu 100 za mbaazi kavu zina gramu 20 hivi za protini, karibu sawa na nyama mbichi ya ng'ombe ya uzito huo. Mwalimu wa hesabu atanikamata hapo: mbaazi zikipikwa hunywa maji, kwa hiyo bakuli lake huwa na protini pungufu kuliko bakuli la nyama. Ni kweli. Ndiyo maana mbaazi haziliwi vijiko viwili. Huliwa bakuli zima, pamoja na ugali wa mtama au mahindi, kwa sababu nafaka na jamii ya kunde hukamilishana. Ugali wa muhogo mtupu na kamchuzi chembamba si fadhila, ni njaa. Tena ipo vitamini B12, ambayo mimea haitupi. Asiyekula kabisa vitu vya mnyama sharti aipate kwa vidonge au kwa vyakula vilivyoongezewa. Mimi nameza vidonge. Anayekuambia kwamba majani pekee yanatosha anakudanganya, awe mganga wa kienyeji au profesa.

Na hapa nitamgeukia hata anayeniunga mkono kupita kiasi. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Mtoto kama huyo ukimpata, mpe yai. Mpe maziwa. Mpe samaki, na usimhubirie. Kuacha ni neno la mwenye nacho. Mtu hawezi kuacha kitu asichokuwa nacho, na mimi ninayeacha nina pensheni. Wala sina ugomvi na mfugaji wa nyika kame, ambako mtama haustawi na ng'ombe ndiye shamba lake.

Ugomvi wangu ni na sisi tunaoweza kuchagua, sisi akina baba hasa. Angalieni jinsi nyama inavyogawanywa nyumbani. Baba firigisi na paja. Mgeni kifua. Watoto shingo na miguu. Mama, aliyemfuga, akamchinjisha, akamnyonyoa na kumpika, hupata mchuzi. Nilikula firigisi miaka arobaini mbele ya mabinti zangu, kisha nikaenda darasani kuchora kuku katika fungu la kujenga mwili. Mwili wa nani? Mbaazi hazina firigisi. Zikipakuliwa, kila kijiko ni sawa na kingine, na siku tulipoanza kula mbaazi kama chakula kikuu cha nyumba yangu ndiyo siku nilipomwona mke wangu akishiba pamoja nami, kwa wakati mmoja.

Tufikirie na ardhi yetu pia. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya shida. Akina mama wa huko walishuka na kupanda mteremko kwa vizazi na vizazi, ndoo kichwani. Ng'ombe mmoja hunywa zaidi ya ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Tangu wafugaji waondolewe Usangu mwaka 2006 na wengi wao kuelekezwa Lindi na Pwani, sote tumesikia ugomvi wa mkulima na mfugaji juu ya mashamba na visima. Simlaumu mfugaji, alifukuzwa, na ng'ombe wake hawali mawe. Nasema tu kwamba kila tunapodai nyama zaidi kama alama ya maendeleo, tunadai pia malisho zaidi na maji zaidi katika nchi isiyo na maji ya ziada. Mbaazi hupeleka mizizi chini kutafuta unyevu wake wenyewe, hurudishia udongo naitrojeni, hudondosha majani yakawa mbolea, na ukimaliza kuvuna, vijiti vyake huwasha moto wa kupikia mbegu zake. Mnyama gani hufanya hivyo?

Watu huniuliza, na heshima ya mwenyeji je? Siku hizi nikienda kwa mtu hutanguliza salamu yangu kwa mtoto siku moja kabla: "Mwambie mama, Mwalimu anakuja, na anataka mbaazi." Mwanzoni walicheka. Wengine walinuna, wakidhani nawadharau. Sasa wamezoea, tena wanashindana nani anajua kuziunga kwa nazi na nani kwa karanga.

Mwaka juzi nilirudi kwa yule mwanafunzi wangu. Nilimpelekea mitetea miwili, deni la zamani, nikamwomba radhi mbele ya watoto wake kwa kuku yule na kwa ubao ule. Alishangaa, nadhani alikuwa amesahau. Mtoto wa kikapu, ambaye sasa ni kijana mwenye sauti nzito, hakuwa amesahau. Mama akaingia jikoni. Nikakaa barazani kungoja, moyo ukinidunda kama wa mtahiniwa. Akatoka na sinia, akaliweka mkekani, akaninawisha mikono.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Leo tuna mbaazi."