Ugumu wa Kiingereza uko kwenye maneno mafupi

Tuna heshima kubwa mno kwa watu wanaojua maneno marefu ya Kiingereza. Mgeni wa kipindi cha redio akidondosha neno la silabi sita, wasikilizaji humwona msomi, na mtoto anayeweza kulitaja herufi kwa herufi bila kukosea hupigiwa makofi siku ya mahafali. Heshima hiyo tumeipeleka pasipostahili. Neno refu kwa kawaida lina maana moja, pengine mbili. Ukikutana na "photosynthesis" unafungua kamusi, unasoma jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, umemalizana nalo. Yanayomwangusha msomaji ni "run", "set", "take" na "get", maneno ambayo kila mtu anaamini aliyamaliza shule ya msingi na kwa hiyo hana sababu ya kuyatafuta popote.

Watunga kamusi wanalijua hili kuliko sisi. Kamusi kuu ya Kiingereza, ile ya Oxford, ilianza kuchapishwa kwa vijitabu mwaka 1884 na kukamilika 1928. Katika toleo lake la pili la 1989, neno lililochukua nafasi kubwa kuliko yote lilikuwa "set", lenye herufi tatu, ambalo kitenzi chake peke yake kilikuwa na maana zaidi ya 400. Toleo jipya lilipoandaliwa, mhariri Peter Gilliver alitumia miezi kama tisa kwenye kitenzi "run", akaishia na maana 645. Ukiangalia zilivyotapakaa hushangai. Kwa Kiingereza mtu hukimbia, mto hukimbia, pua yenye mafua hukimbia, mashine iliyowashwa hukimbia, anayegombea ubunge hukimbia, na kitenge kikichuja kwenye beseni rangi yake nayo hukimbia. Mtaalamu wa Marekani George Kingsley Zipf alionyesha mwaka 1945 kwamba kadiri neno linavyotumika mara nyingi ndivyo maana zake zinavyoongezeka. Sababu yake haina fumbo. Watu wakipata jambo jipya la kusema, mara nyingi hawatungi neno, huchukua lililo karibu na kulibebesha mzigo mwingine.

Wapo watakaosema muktadha unatosha: msomaji mwenye akili hawezi kudhani mgombea anatimua mbio barabarani. Kwa mifano ya wazi kama huo, ni kweli. Lakini tazama yaliyoipata Mahakama ya Juu ya Marekani, ambako majaji wamezaliwa na Kiingereza na wana makatibu wa kuwapekulia kila kamusi. Sheria yao inamwongezea adhabu mtu ambaye, katika biashara ya dawa za kulevya, "anatumia" silaha. Mshtakiwa mmoja hakumtishia mtu wala hakufyatua risasi. Alitaka kubadilishana bunduki yake ya rashasha na kokeni, na kwa kuwa ilikuwa rashasha, nyongeza yenyewe ilikuwa kifungo cha miaka 30. Je, alikuwa ameitumia? Mwaka 1993 majaji sita walisema ndiyo, watatu wakakataa. Jaji Antonin Scalia, miongoni mwa waliokataa, alitoa hoja kwamba ukimuuliza mtu kama anatumia mkongojo, unataka kujua kama anatembea nao, huulizi kama ameutundika ule wa babu yake sebuleni kuwa pambo. Mwaka 2007 ikaja kesi ya upande wa pili wa biashara hiyohiyo, ya mtu aliyetoa dawa akapokea bunduki, na safari hii mahakama ikaamua bila kupingana kwamba aliyepokea hakuitumia. Katikati, mwaka 1998, walikwishagawanyika watano kwa wanne juu ya neno "carry": je, bastola iliyofungiwa ndani ya gari "imebebwa" na dereva? Jaji Stephen Breyer, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alipekua kamusi, Biblia na kumbukumbu za magazeti ili kupata jibu. Hakuna hata neno moja kati ya hayo ambalo mtoto wa darasa la nne angeshindwa kulisoma.

Ushahidi mwingine unatoka kwa mtu aliyejaribu kulikwepa tatizo. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza chepesi cha maneno 850, vitenzi 18 tu vikiwemo, akitarajia kwamba dunia nzima ingejifunza kwa muda mfupi. Winston Churchill alikipigia debe mwaka 1943. Kwenye karatasi kilionekana kitu chepesi kweli. Ila kazi iliyokuwa ikifanywa na maelfu ya vitenzi haikutoweka. Iliangukia vile 18. Kitenzi cha kuacha kilipoondolewa, "give" na "up" vikashirikiana kufanya kazi yake. Cha kuvumilia kikaachiwa "put", "up" na "with" kwa pamoja, na hakuna mgeni awezaye kukisia uvumilivu kutokana na kuweka, juu na pamoja na. Ogden alipunguza hesabu ya maneno, ugumu akauacha palepale.

Haya yangebaki kuwa ya Waingereza na Wamarekani kama tusingekuwa tumewakabidhi watoto wetu Kiingereza kiwe lugha ya masomo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila somo limegeuka. Anajifunza haraka kuandika "photosynthesis", maana mwalimu wa baiolojia anajua neno hilo ni geni na hulieleza. Hakuna anayemweleza "solution". Kipindi cha kwanza, hisabati, ni jibu la mlinganyo. Kipindi cha pili, kemia, ni chumvi iliyoyeyuka ndani ya maji. Baada ya mapumziko, kwenye somo la biashara, ni ufumbuzi wa tatizo la ajira. "Product" ni hivyohivyo: jibu la kuzidisha, kinachopatikana vitu viwili vikichanganywa vikabadilika, bidhaa ya dukani. "Mean" aliizoea kuwa kumaanisha. Kwenye takwimu imekuwa wastani. Akiandika jibu lisilohusiana na swali, tunasema hesabu zimempiga chenga, na huenda hesabu zenyewe alikuwa anaziweza. Mkubwa naye hajasalimika. Mkataba wa mkopo unaosema "interest" na "principal" unaweza kusomwa mwanzo hadi mwisho na mtu anayezijua kama kupendezwa na mkuu wa chuo.

Kiswahili nacho si maskini wa maana, watu watasema, na ni kweli. Tunapiga pasi, simu, picha, deki, kura, magoti na chafya, wala hakuna aliyewahi kuhitaji mwalimu wa "piga". Ila hakuhitaji kwa sababu alilisikia nyumbani, sokoni na uwanjani kila siku tangu anyonyeshwe. Mwanafunzi wa Kilosa au Kasulu huenda "solution" anaisikia darasani tu, kutoka kwa mwalimu ambaye naye aliisikia darasani tu. Wengine watajibu kwamba dawa ni kufundisha kwa Kiswahili hadi chuo kikuu. Naliunga mkono hilo, lakini mtihani wa mwaka huu umeshachapwa kwa Kiingereza, na hata siku lugha ya kufundishia itakapobadilika, Kiingereza kitabaki kuwa somo na kitaendelea kuandika mikataba.

Kuna pingamizi moja lenye uzito zaidi: nani ana muda wa kufundisha maana 645? Hakuna, wala hazihitajiki. Michael West, mwalimu aliyefanya kazi Bengal miaka mingi, alichapisha mwaka 1953 orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza na, kwa mengi kati yake, akaonyesha kila maana inachukua sehemu gani ya matumizi. Ukiipitia unaona kwamba maana chache hubeba sehemu kubwa ya kazi, nyingine ni za nadra. Kwa shule zetu kazi ni ndogo hata kuliko yake, kwa sababu maneno ya kila siku yanayobadilika maana kutoka somo hadi somo yanaweza kuorodheshwa. Walimu wa hisabati, kemia, fizikia na biashara wa shule moja wakikaa mezani wiki ya kufungua muhula, kila mmoja na kitabu chake cha kidato cha kwanza, wanaweza kuyaokota, kuyaandika upande mmoja wa karatasi na maana zake za Kiswahili upande wa pili, somo kwa somo, na kuibandika karatasi hiyo ukutani kabla ya kipindi cha kwanza.