Hati Isiyochakaa
Mkazi wa Kitengela aliyeitwa mbele ya hakimu huko Kajiado, naye asiende, aweza kuandikiwa hati ya kukamatwa. Wengi hudhani kwamba miezi ikipita jambo limekwisha. La, sivyo. Kwa Sura ya 75 ya Sheria za Kenya, hati hiyo hudumu mpaka itekelezwe, au mahakama iliyoitoa iifute. Basi mwenye shaka yafaa aende katika masjala ya mahakama hiyo na nambari ya kesi yake, aulize, kisha aombe kumweleza hakimu sababu ya kutofika. Cheti cha hospitali hufaa kuliko maneno matupu. Ng'ombe waliohamishwa kwa ukame ni udhuru wa kweli, lakini ni mgumu kuthibitishwa. Anayejificha aweza kukamatwa Ijumaa jioni. Katiba ya mwaka 2010 yataka afikishwe mahakamani kwa saa 24, ila zikiishia siku isiyo ya mahakama, atangoja korokoroni hata Jumatatu.