Likasi: Mchoro usiosomeka usikubaliwe katika kazi ya mwisho wa masomo

Mwanafunzi wa informatika anatetea kazi yake ya mwisho wa masomo. Juri inafika kwenye ukurasa wa mchoro wa programu na kukuta visanduku vidogo na mistari iliyosongamana kama utando wa buibui. Hakuna anayeweza kusoma. Mmoja anasema "tuendelee", ukurasa unageuzwa, na kazi ya miezi mingi inapita bila swali hata moja. Tumezoea hali hii, lakini inatuumiza.

Hesabu yake ni rahisi. Mchoro uliopangwa kwa karatasi ya A0 ukibanwa kwenye A4, urefu wake unapungua mara 4. Herufi ya pointi 12 inakuwa ya pointi 3, yaani karibu milimita 1. Wengine watalaumu mashine mbovu, bei ya wino au umeme unaokatika. Ni kweli matatizo hayo yapo, ila hata mashine nzuri haitaokoa herufi ya milimita 1.

Sisi wa Likasi tungepaswa kulijua jambo hili. Mji wetu ni wa shaba, na kiwanda kama cha Shituru hakijengwi kwa mchoro mmoja. Wainjinia huchora mpango mzima kwenye karatasi moja, kisha kila sehemu inapata karatasi yake, yenye namba na kipimo.

Wanafunzi wafanye vilevile, iwe wanatumia Merise ya Ufaransa au UML, iliyopitishwa kuwa kigezo mwaka 1997. Ukurasa wa kwanza uonyeshe majina ya sehemu kubwa tu. Zinazofuata zifungue sehemu moja moja. Kinachobaki kikubwa kichapishwe kwa A3 na kukunjwa ndani ya kitabu. Picha ya skrini iachwe: mchoro utolewe moja kwa moja katika PDF au SVG, ili mistari ibaki safi hata ukikuzwa. Halafu, kabla ya kulipia nakala zote, chapisha ukurasa mmoja na uusome.

Kesho programu hiyo itatumika katika duka la dawa au shule. Mwandishi wake akienda Lubumbashi au Kolwezi kutafuta kazi, atakayeitengeneza atabaki na kitabu hicho tu.

Ndugu walimu, mchoro usiosomeka urudishwe kwa mwanafunzi kabla ya siku ya kutetea. Kuukubali ni kumpa alama kwa kitu ambacho hatukukiona.