Jasusi wa Kitabuni na Jasusi wa Kweli

Msomaji, yako mafunzo yasiyofundishwa darasani wala kuulizwa katika mtihani, lakini yashikayo moyo kuliko hesabu na jiografia. Mojawapo ni funzo litolewalo na riwaya za majasusi. Mwanafunzi hukifungua kitabu cha namna hiyo usiku, akakifunga alfajiri, akadhani kuwa amepata burudani tu. La hasha! Amefundishwa jinsi ya kuitazama serikali, sheria na binadamu mwenzake. Na kwa kuwa hakujua kuwa yumo darasani, hakuuliza swali hata moja. Nia yangu ni kukuonyesha kuwa aghalabu funzo hilo ni baya, nawe huna budi kulikataa.

Wanaovitetea vitabu hivi husema, "Hizi ni hadithi tu, na hadithi haimdhuru mtu." Maneno haya ni matamu, lakini historia yayakanusha. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwako Uingereza mwandishi aliyeitwa William Le Queux. Mwaka 1906 gazeti la Daily Mail lilichapa hadithi yake ya kubuni juu ya majeshi ya Ujerumani kuivamia Uingereza, na mwaka 1909 alitoa kitabu kingine kilichosimulia kuwa majasusi wa Kijerumani wametapakaa nchini humo. Wasomaji waliingiwa na hofu. Kinyozi au mtumishi wa hoteli mwenye lafudhi ya kigeni akawa mtu wa kushukiwa, na mwandishi akapokea barua nyingi za tuhuma. Baadhi ya tuhuma hizo zilifika mbele ya kamati ya serikali, nayo mwaka huo huo wa 1909 ikashauri iundwe idara ya siri, ambayo ndiyo mama wa idara mbili za ujasusi za Uingereza zilizoko hata leo. Mwaka 1911 Bunge la nchi hiyo likapitisha Sheria ya Siri za Serikali kwa haraka isiyo ya kawaida.

Ni kweli kuwa Ujerumani ilikuwa na majasusi wake, lakini lile jeshi kubwa la majasusi lilikuwa ndani ya vitabu. Wahenga walisema: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapa lililosemwa halikuwapo, na kilichokuja si jeshi la majasusi bali sheria ya kuwanyamazisha watu. Hadithi ilizaa hofu, hofu ikazaa ofisi, ofisi ikazaa sheria. Wala sheria ya namna hiyo haikubaki ng'ambo. Kenya huru nayo ilitunga Sheria yake ya Siri za Serikali mwaka 1968. Basi nani atasema tena kuwa hadithi ni hadithi tu?

Nchini mwetu tumeona hata kinyume chake, yaani ofisi kuiwinda hadithi. Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha kwa Kikikuyu riwaya iitwayo Matigari. Yeye mwenyewe ameeleza kuwa mapema mwaka 1987 wapelelezi walipeleka habari kuwa kuna mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akidai ukweli na haki. Amri ikatoka akamatwe. Polisi walipogundua kuwa huyo ni mtu wa kitabuni, wakavikamata vitabu vyenyewe katika maduka. Unaweza kucheka, msomaji, lakini ucheke kwa tahadhari. Mtu aliyezoea kuona adui kila mahali hatimaye hushindwa kutofautisha mtu wa nyama na mtu wa wino.

Sasa nitazame kosa la pili la vitabu hivi, nalo ni kuyafanya maumivu ya binadamu kuwa jambo jepesi. Katika riwaya ya kijasusi shujaa humpiga mateka wake makofi mawili, na mateka hutoa ukweli wote kama bomba lililofunguliwa. Ukurasa wa pili mateka amesahauliwa. Hakuna adui atendewaye hivyo akaonekana hana hatia, kwa kuwa mwandishi amekwisha kumhukumu kabla ya sura ya kwanza. Lakini katika miaka ya 1980 kulikuwa na vyumba vya giza chini ya jumba la Nyayo House, Nairobi. Humo walifungiwa wanafunzi, walimu, wanasheria na wakulima walioshukiwa kuipinga serikali. Walipigwa, wakanyimwa chakula, wakafungiwa katika vyumba vilivyojazwa maji. Wengi wamesimulia kuwa walikubali mashtaka ya uongo ili mateso yakome. Hivyo kipigo hakikutoa ukweli hata kidogo, bali kilitoa uongo uliotakiwa. Miaka mingi baadaye korti za Kenya ziliwapa wengi wao fidia, lakini hakuna korti iwezayo kumrudishia mtu usingizi wake.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko yote. Riwaya hizi hutufundisha kuwa siri ya serikali daima ni siri ya kuokoa taifa: ramani ya maboma, au fomula ya silaha, au jina la haini. Basi asiyeijua siri hiyo anyamaze na kushukuru. Hebu tuitazame siri moja ya kweli. Waingereza walipokuwa wakifunga safari mwaka 1963, walichukua majalada mengi ya serikali ya kikoloni ya Kenya wakayapeleka kwao, na huko yakafichwa kwa karibu miaka 50. Yalikuja kujulikana mwaka 2011, wazee wetu walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau walipokuwa wakidai haki yao katika mahakama ya London. Ndani yake hamkuwa na ramani ya maboma iliyostahili kufichwa hivyo. Mlikuwa na habari za kambi za kizuizini, na ushahidi kuwa wakubwa walijua yaliyotendwa humo. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kilichofichwa hakikuwa usalama wa taifa bali aibu ya watawala.

Utaniuliza, "Je, nchi iishi bila walinzi?" Hapana. Nyumba isiyo na mlinzi huibiwa, na taifa lina maadui wa kweli ambao hawaji kwa kupiga hodi. Lakini mlinzi wa nyumba ana mwenye nyumba anayemwuliza asubuhi. Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema wazi kuwa vyombo vya usalama, na idara ya ujasusi ikiwa mojawapo, viko chini ya mamlaka ya kiraia. Nayo yakataza mateso bila ya kuacha mwanya wowote. Jasusi wa kitabuni hana katiba. Huvunja mlango, huua na kwenda zake, na msomaji humpigia makofi. Raia aliyelelewa na makofi hayo atamwulizaje mlinzi wake asubuhi?

Sisemi vitabu hivi vichomwe, wala mwalimu avifungie kabatini. Kitu kilichofungiwa huzidi utamu. Wako waandishi waliosema kweli. John le Carré, aliyekuwa mtumishi wa idara za ujasusi za Uingereza, alichapa mwaka 1963 riwaya iitwayo The Spy Who Came in from the Cold, ambayo yaonyesha idara ikimtumia mtu wake kama kuni. Elvis Musiba naye, katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, alimpa kijana wa Afrika Mashariki jasusi wake mwenyewe, Willy Gamba. Hilo ni jambo la kusifiwa, maana awali shujaa alikuwa mgeni daima. Walakini shujaa kuwa mwenzetu hakumwondolei wajibu wa kuulizwa.

Kwa hiyo, msomaji, ukishika riwaya ya kijasusi, isome ukiwa macho. Mtu anapouawa, uliza alihukumiwa na nani. Mtu anapopigwa, uliza ingekuwaje kama hakuwa na hatia. Siri inapofichwa, uliza nani angeaibika kama ingetoka. Mwandishi asipokujibu, jibu mwenyewe. Kisha chukua maswali hayo hayo uyapeleke nje ya kitabu, kwa kuwa siku si nyingi utakuwa mpiga kura, na pengine hakimu, au mwandishi wa habari, au afisa wa idara hiyo hiyo. Siku hiyo mtu atakayekuwa mbele yako hatakuwa wa wino.