Chipukizi Lisilo na Mzizi

MTAZAMO WA MLIMANI
Na Eliamani Mushi

Kihambani, kwenye shamba la migomba, anayehamisha chipukizi la mgomba hulichimba pamoja na kipande cha shina lenye mizizi. Akilikata juu juu, litabaki kijani siku chache, kisha litanyauka. Hilo ndilo lililonijia nilipomaliza Kinning, riwaya ya Nisi Shawl ya mwaka 2024 iliyochipuka kutoka Everfair ya mwaka 2016.

Everfair naipenda sana. Ni ya jamii ya stimupanki, hadithi za mashine za mvuke katika historia iliyogeuzwa. Mwandishi huyu Mmarekani anatupeleka Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambako watu walikatwa mikono kwa ajili ya zao la mpira. Wajamaa wa Uingereza na wamisionari Weusi wa Marekani wananunua ardhi huko, na nchi mpya, Everfair, inazaliwa. Fwendi, msichana aliyepoteza mkono, anaundiwa wa chuma na fundi Tink. Hapo ndipo kitabu kiliponishika: kila mashine ilikuwa na jeraha lake la kutibu. Na wenye nchi hiyo waligombana hasa, kwa dini, kwa rangi, kwa suala la nani atawale.

Katika Kinning, Tink yule yule na dada yake Bee-Lung wanazunguka dunia kwa chombo cha angani wakieneza mbegu za kuvu zinazowafanya watu wahisi machungu ya wenzao. Nyumbani Everfair, watoto wa Mfalme Mwenda wanawania kiti cha baba yao. Nia ni njema, lakini nimesikitika. Umoja unaoingia kwa pumzi haujatolewa jasho na mtu.

Sisi wa Kilimanjaro tunajua umoja unavyopatikana. Mifongo, mifereji iliyoteremsha maji kutoka milimani hadi vihambani, wazee wetu waliichimba kwa mikono. Walipangiana zamu, wakazozana, wakasuluhishana, wakatoka pamoja kuizibua. Ujirani wao ulitoka kwenye jembe.

Hata mvuke ulitufikia: reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, nayo ilijengwa kwa jasho la Waafrika. Mvuke wetu una hadithi zake, na bado zinangoja mwandishi wa Kiswahili. Kijana utakayeianza kazi hiyo, usituletee kuvu la kutupatanisha usingizini. Tuonyeshe kwanza nani alishika jembe, nani alinyimwa maji, na walikaaje tena kikao kimoja.