Kipindupindu hakiwasaidii wakimbizi: mwalimu abishana na vitabu

Mwalimu mmoja wa Kivu Kaskazini, aliyekimbia vita na familia yake, amemaliza kusoma riwaya mbili za mambo ya ajabu. Wanaosema vitabu hivyo ni vya watoto na vya watu walioshiba, anawapinga.

Ya kwanza ni *La Guerre des mondes*, ya Mwingereza H. G. Wells, iliyotoka mwaka 1898. Viumbe wa sayari ya Mars wanavamia Uingereza, na wakaaji wa London wanajaa barabarani na mizigo yao. Hapo mwalimu anakubali yote. Lakini mwishoni vijidudu vya magonjwa vinawaua wavamizi, na watu wanarudi kwao. Huo, anasema, ni uongo mtamu. Mwaka 1994 huko Goma, kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Wenye bunduki hakikuwamaliza.

Ya pili, *Who Fears Death* ya mwaka 2010, imeandikwa na Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Ni Sudan ya siku zijazo. Onyesonwu, binti aliyezaliwa kwa ubakaji wa vita, anaweza kugeuka ndege, lakini katika mji anamokulia watu wanamtukana kwa sababu ya kuzaliwa kwake.

Hicho, anasema mwalimu, si cha ajabu hata kidogo. Kambini pia kuna watoto wanaoitwa watoto wa adui, na wanaowaita hivyo ni majirani, watu wazima, wanaosali. Wasisingizie vita. Vita havikuwatuma.